Furushi la Tefo na Nguo za Baridi

Malineo alikuwa na chumba kimoja tu, cha tatu kutoka bombani, katika safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya viwanda vya nguo vya Maputsoe. Mimi nilipanga cha nne. Tulitenganishwa na ukuta wa tofali moja, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyasikia bila kutega sikio.

Chumbani humo alikaa yeye na binti yake Lineo, pamoja na mumewe, Tefo, kila alipopata ruhusa ya kurudi kutoka shamba alilofanyia kazi ng'ambo ya mto, upande wa Afrika Kusini. Watu watatu, kitanda kimoja, kabati moja jembamba, benchi, meza ya jiko. Nguo za joto na nguo za baridi haziwezi kukaa pamoja katika nafasi kama hiyo. Sweta, makoti, soksi nene na mablanketi ya sufu hula nafasi kuliko watu wenyewe. Sisi wengine tulizirundika kwenye kona tukazifunika kwa kitambaa, tukajifanya hatuzioni. Malineo hakuweza kuishi hivyo.

Kitanda chake alikiinua kwa matofali, na chini yake akaingiza masanduku mawili bapa. Mablanketi aliyatandaza kati ya godoro na mbao. Sweta alizikunja ndani ya foronya, akazishona mdomo kwa uzi mrefu, akazipanga juu ya benchi kama mito ya kukalia. Ukimtembelea Januari, jasho likikutiririka, ulikuwa umekalia Julai.

Kila mwaka baada ya Pasaka alitoa vyote nje. Alivianika kwenye seng'enge, akavikung'uta, akapitisha brashi kwenye mishono kwa kuwa huko ndiko nondo hutaga. Hakuweka nguo chafu hata moja. Alisema nondo hufuata jasho la mtu. Kila sanduku alilitia majani makavu ya mkaratusi na vile vidonge vyeupe vinavyonuka. Nguo za baridi zikishapanda kabatini, nguo za joto zilishuka masandukuni, na mwezi wa tisa zikabadilishana tena. Kazi ilimchukua Jumamosi nzima, na safu yote ilimtania.

"Malineo, unahama?" Mpho wa chumba cha kwanza alikuwa akimuuliza.

"Ndiyo, nahamia papa hapa."

Tefo alifariki Februari, trekta lilipompindukia shambani. Alizikwa kwao milimani. Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi ya ukoo wao, nguo zake zote zilikusanywa zikafungwa furushi moja, nalo likafungwa mafundo na mjomba wake, Lebusa, ndugu wa mama yake. Furushi halifunguliwi na mtu mwingine. Hukaa hadi siku mjomba atakapokuja kulifungua mwenyewe na kuwagawia ndugu, na siku hiyo ilipangwa Agosti. Kwa haraka ya siku zile kitambaa cha kulifungia hakikupatikana, Malineo akatoa shuka lake la kitandani.

Kwa kawaida furushi lingekaa nyumbani kwa wazee. Lakini upepo wa Januari ulikuwa umeezua nusu ya paa la mama yake Tefo, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Basi furushi likaja Maputsoe, na mama mkwe naye akaja, na sanduku lake la bati lililojaa mablanketi ya ujana wake. Sote tulimwita Nkhono, yaani bibi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kubishana naye kulikuwa kama kusukuma ukuta.

Chumba kikajaa. Sanduku la bati lilikaa nyuma ya mlango, na mlango ukawa unafunguka nusu tu. Furushi lilikuwa kubwa kama ndama aliyelala: blanketi zito la Tefo, koti, ovaroli, mabuti, kila kitu kilichowahi kumgusa. Lililazwa ukutani kando ya godoro alilolalia Nkhono.

Pasaka ilipopita, Malineo alitoa nguo zake nje kama kawaida. Mwaka ule yeye mwenyewe hakuwa na cha kubadilisha, kwani alivaa nguo nyeusi za msiba, na angevaa hizo hizo baridi na joto. Hata hivyo aliyafua magauni yake yote, akayapiga pasi, akayakunja. Nilimwona akilishika moja la njano kwa muda, kisha akaliingiza chini kabisa ya sanduku.

Tatizo lilianza aliporudisha vitu ndani.

"Mama," alimwambia mkwewe, "tukilisogeza furushi chini ya kitanda, sanduku lako litapata mahali pale ukutani. Mlango utafunguka."

"Acha lilipo."

"Hatutalifungua. Tunalisogeza tu."

"Nimesema acha lilipo, Malineo."

Malineo akatoka. Alikuja kwangu kuazima pasi ambayo hakuihitaji, akakaa kitandani pangu akitazama miguu yake.

"Mlango wangu mwenyewe naupita ubavu," alisema. "Jana nimekwama na ndoo ya maji mkononi. Lineo amecheka mpaka akakaa chini."

"Na Nkhono?"

"Kasema nimenenepa."

Hapo alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Baadaye wiki ile alijaribu tena, naye Nkhono akamjibu bila kupandisha sauti. Nilikuwa mlangoni nikichambua mboga, nikasikia.

"Wewe ulikuwa naye akiwa mkubwa," Nkhono alisema. "Mimi nikilala pale nasikia harufu yake. Ile sabuni yake ya kunyolea. Itaisha yenyewe, usiniharakishe."

Malineo hakuligusa tena suala hilo. Alilichukua sanduku la bati, akaliweka juu ya kabati kwa msaada wangu na wa Mpho, akalifunga kwa kamba kwenye msumari ili lisiwaangukie watu kichwani. Mlango ukafunguka. Blanketi la kila siku la Nkhono likawa linakunjwa mara tatu na kuwekwa kitini. Walipata namna ya kuishi.

Mei ikaingia na baridi yake. Asubuhi jalidi ilikuwa nyeupe juu ya majani, na foleni ya wafanyakazi kwenye lango la kiwanda ilikuwa foleni ya mablanketi. Asubuhi moja Lineo alivaa sweta lake la shule, Malineo akamgeuza kumfunga kola, akaona kitundu begani. Akatafuta, akaona cha pili chini ya kwapa na vingine viwili mgongoni, vidogo, vya mviringo.

Alilivua lile sweta mwilini mwa mtoto. Akafungua kabati, akatoa nguo moja baada ya nyingine, akazishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Shali yake ilikuwa imeliwa pembeni. Soksi nene Tefo alizomnunulia Lineo zilikuwa zimeliwa visiginoni. Hakuwahi kupata nondo katika chumba kile tangu aolewe. Hakuhitaji kuuliza walitoka wapi. Nguo za furushi zilifungwa kama zilivyovuliwa, na jasho la Tefo, bila kufuliwa, kwa sababu desturi ndiyo hiyo. Aliinama kando ya godoro la Nkhono. Kwenye pindo la shuka kulikuwa na unga wa kijivu, na kijidudu kimoja cheupe kinachotambaa.

Nkhono alikuwa amekaa kitini, anamtazama.

"Ni nini?"

"Njoo uone mwenyewe, mama."

Bibi aliinama, akatazama sana. Akakiokota kijidudu kwa vidole viwili, akakibonyeza.

"Watalimaliza blanketi lake," Nkhono alisema.

"Watalimaliza. Halafu watakula lako, na la Lineo. Agosti ni mbali."

"Lebusa hajafungua."

"Najua. Sikuombi tulifungue."

Nkhono alishika ukingo wa kitanda, akainuka. "Litoe nje," alisema. " Likae juani lilivyo. Usiku nao liachwe huko huko lipigwe na baridi, nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo kwa ngozi. Lakini fundo lisiguswe."

Tulilibeba watatu, mimi, Malineo na Mpho, tukalilaza juu ya meza kuukuu ya kufulia mbele ya mlango. Nkhono akaleta kiti akakaa kando yake, amejifunika blanketi. Tulipokuwa kazini kiwandani alikuwa hapo. Tuliporudi alikuwa hapo. Usiku alililinda kupitia dirishani.

Maputsoe ni mji wa watu wengi na kuta nyembamba. Haikufika siku ya tatu maneno yalikuwa yameshavuka barabara: yule mjane wa safu ya bombani ametupa nguo za marehemu nje, anataka nafasi, labda ameshapata mwingine. Mwanamke mmoja wa idara ya kukata vitambaa alimwambia Malineo usoni, kwenye foleni ya chakula.

"Wengine hata mwaka hawasubiri."

Malineo alikuwa na bakuli la ugali na mboga mkononi. "Pita nyumbani jioni," alisema. "Mama mkwe wangu yuko pale na furushi. Muulize yeye."

Yule hakupita. Lakini maneno yalipanda mlimani, na Jumamosi Mjomba Lebusa alishuka kwenye basi, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu na fimbo, hakusalimia mtu hadi alipofika kwenye meza ya kufulia. Sote tulitoka vyumbani tukasimama milangoni.

"Nani aliyelitoa hili?"

Malineo alipiga magoti kumsalimia. Kabla hajafungua kinywa, Nkhono alisema kutoka kitini, "Mimi."

"Dada, hata wewe?"

"Hata mimi. Linaliwa na nondo, Lebusa. Ulifunga vizuri mno, ukawafungia na chakula."

Mzee alilizunguka furushi. Akagusa mafundo yake, akayakuta yalivyokuwa. Akapiga furushi kofi moja, na nondo mdogo wa rangi ya vumbi akaruka kwenye jua. Mzee alimfuata kwa macho mpaka akapotea juu ya mapaa.

"Nimekuja na hasira ya bure," alisema. Kisha akamgeukia Malineo. "Wewe ungetaka nini?"

"Nataka nguo zilizobaki ziwafikie watu zikiwa nzima, mjomba. Mengine ni yenu kuamua."

Mzee alikubali kurudi wiki iliyofuata na ndugu, alifungue. Hakungoja Agosti. Walikuja wachache, waliotosha. Uji mchachu ulipikwa kwangu kwa kuwa kwa Malineo hapakuwa na pa kuweka chungu. Lebusa alifungua mafundo kwa meno na kucha, hakutaka kisu.

Koti lilikuwa zima, likaenda kwa binamu yake Tefo. Mabuti alipewa mwanawe Lebusa mwenyewe, yakambana, naye akasema yatalegea. Lineo alipewa kofia. Nkhono alipewa shati moja la pamba, ambalo nondo hawalitaki, akaliingiza kifuani kama mtu anayeficha mkate. Mjane katika ukoo ule hapewi kitu, na Malineo alilijua hilo, alikaa na mikono mapajani.

Blanketi lilitoka mwisho. Lilikuwa blanketi zuri, la kahawia na mistari myeusi, alilonunua mwaka aliooa. Lebusa alilikunjua, mwanga ukapita katikati yake mahali pengi. Ndugu wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hili ni langu," mzee alisema. "Nilimpeleka mtoto huyu kuchunga kwa mara ya kwanza. Matundu hayanisumbui, nimezoea upepo." Akalivaa pale pale juu ya lile alilokuja nalo.

Vilipokwisha vyote, shuka tupu lilibaki chini. Mmoja wa ndugu alianza kulikusanya.

"Hilo ni la kitandani kwangu," Malineo alisema.

Alilichukua, akalikung'uta nje mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alilikunja katikati, akanyoosha pindo kwa kiganja, akalikunja tena, akalikunjua, akaanza upya. Nilitaka kumsaidia kushika ncha, Nkhono akanizuia kwa jicho. Malineo alipomaliza alilitia kwenye maji ya moto na sabuni, akaingia ndani kupitia mlango wazi, akalia. Sikuwa nimemwona akilia siku ya mazishi.

Kesho yake alikung'uta chumba kizima. Kila nguo ya sufu ilitoka juani, na zile zenye matundu alizishona kwa uzi wa kiwandani uliofanana nazo, isipokuwa sweta la Lineo, ambalo kwa kukosa rangi alilishona kwa bluu iliyokolea kidogo. Walimu hawakusema kitu. Sanduku la bati lilishushwa kutoka juu ya kabati likawekwa pale ukutani furushi lilipokuwa, na Nkhono akawa analitumia kuwekea taa na miwani.

Oktoba Lebusa na wanawe walimalizia paa la milimani, na Nkhono akarudi kwake. Alidumu huko mpaka ngano ilipovunwa, na mpaka joto lilipoisha. Jalidi ya kwanza ilipoanguka, alishuka kwenye basi na sanduku lake, akasema milimani kuni ni shida. Mwaka uliofuata akafanya hivyo tena. Mpho alianza kutania kwamba Malineo sasa ana kitu kimoja zaidi cha kutoa Mei na kukirudisha Oktoba.

"Mwambie huyo," Nkhono alimjibu kutoka ndani, "mimi sikunjiki."

Malineo alivua nguo nyeusi msiba ulipotimiza mwaka. Anafanya kazi kiwanda kile kile, na Januari hushona makoti mazito ya watu wa nchi za mbali huku feni zikizunguka bure juu ya vichwa vya washonaji. Lineo yuko sekondari, amemzidi mama yake urefu, na sweta zake sasa hazienei kwenye foronya. Juzi Malineo aliniuliza kama nina nafasi chini ya kitanda changu. Nikamwambia ninayo kidogo, alete.