Mitungi Sita na Majua Matatu

Ndugu zangu wa Unyanyembe, mnanijua. Nilitoka huko na kitambaa kimoja kiunoni na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Leo nina nyumba ya milango miwili hapa Mwaya, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na Wadachi wa boma wakitaka chumvi wananiulizia kwa jina. Shule sikupata. Herufi nimezijua kwa kusoma magunia, kwa hiyo msomeeni mama polepole.

Safari hii niliifanya kwa sababu ya mke. Mnajua yule wa kwanza alifariki. Nilimpenda Sekela, binti wa mzee Ambokile wa Talatala, nikaenda kumposa. Mzee akaniambia, "Ng'ombe tutazungumza baadaye. Kwanza niletee mitungi sita ya kutilia pombe kutoka Matema, mizima, ninyweshe watu wa matanga ya mama yangu. Nakupa siku nane."

Nikasema, "Baba, mimi tano zinanitosha."

"Sikukuuliza zinazokutosha," akasema. "Nimesema nane."

Asubuhi ya siku ya kwanza niliondoka Talatala na wapagazi sita. Ukungu ulikuwa umelala upande wa ziwa hata maji hayaonekani. Mzee alitusindikiza mpaka mwisho wa migomba yake, akanionyesha ukungu ule, akanieleza. Kwa watu wa bondeni mke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia njiani anajibanza migombani mpaka apite. Wanasema jua ni baba mkwe wa ziwa. Ndiyo maana likikaribia kutoka, ziwa linajifunika ukungu. Nikamwambia kwetu jua ni mtemi, na mtu hodari humwamkia mapema kabla hajazungukwa na wenye shida. Mzee akacheka, akasema, "Basi wewe kila siku una shida."

Mchana tulivuka mto Mbaka, maji ya kifua, mimi nikiwa mbele kama kawaida yangu. Tulilala kijiji cha ng'ambo. Kesho yake tukavuka Lufilyo, na jioni tukafika Matema. Milima ya Ukinga imesimama pale upande wa mashariki kama ukuta, na chini yake hakuna kitu ila mchanga, mitumbwi na vyungu.

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Tupokile, mfinyanzi, mjane, mwenye mikono mikubwa kuliko yangu. Bahati yangu, alikuwa na mitungi sita ya kufaa, imeshafinyangwa, imekauka karibu kabisa. Ilibaki kuchomwa. Tukapatana kwa chumvi na nguo. Akasema, "Keshokutwa tutachoma, Bibi akishuka."

Nikauliza Bibi ni nani. Akaonyesha mlima kwa kidevu. Kwao jua si mkwe wala mtemi. Ni bibi kizee mwenye kigae cha makaa, anayeamkia kwanza kwa Wakinga kule juu, kisha anashuka mlima taratibu kwa sababu ya magoti. Wafinyanzi hupanga mitungi mchangani alfajiri, wakangoja mpaka miguu yake ikanyage mchanga na kila mtungi upate joto tumboni. Hapo ndipo majani hufunikwa juu na moto huwashwa.

Asubuhi ya siku ya nne mitungi ilipangwa, yangu sita na mingine tisa ya majirani. Mtumbwi ulikuwa tayari na ziwa limetulia. Kweupe kabisa, lakini jua liko nyuma ya mlima. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikasema, "Mama, Talatala sasa hivi watu wamekwisha kupalilia tuta la kwanza."

"Hilo jua la Talatala," akasema. "La huku bado linafunga kanga."

"Jua ni moja."

"Basi lichukue hilo moja ukachomee huko."

Wanawake wakacheka. Mimi sikuzoea kuchekwa. Alipokwenda kuteka maji nilifunika majani mwenyewe, nikachukua kijinga cha moto jikoni kwake, nikawasha. Moto ulikuwa mzuri sana. Kisha nikasikia pu, kama mtu anapiga ngoma akiwa ndani ya gunia. Pu tena. Unyevu wa usiku ulikuwa bado umo katika udongo. Mama Tupokile alirudi na maji kichwani, akasimama, wala hakuyatua. Kati ya mitungi kumi na mitano ilibaki miwili, na hiyo ya jirani.

Nilitaja nguo, nikataja chumvi. Akasema, "Nguo haifinyangwi. Vua kanzu."

Nikavua. Siku kumi na tano nilichimba udongo, nikaubeba, nikaukanyaga, kazi ambayo huko mwanamume haigusi. Wavuvi walikuwa wakipitisha mitumbwi karibu makusudi. "Bwana Mkubwa," wakaniita, "mtoto utamnyonyesha lini?" Siku nane za mzee zilipita nikiwa na matope mpaka magotini. Nilijua Sekela anawekewa mtu mwingine, na sikuwa na la kufanya ila kukanyaga. Mtungi wa mwisho niliufinyanga kwa mkono wangu, mama akinisahihisha. Na siku ya kuchoma nilikuwa wa kwanza kukaa chini na wa mwisho kusimama. Bibi alishuka, akakanyaga mchanga, nikashika kila tumbo la mtungi, na hata hapo nikamtazama mama kwanza. Haukupasuka hata mmoja.

"Ndaga fijo," nikamwambia, asante sana kwa lugha ya huku. Akasema, "Nenda. Na kwa wenyewe usiwashe tena."

Tulirudi kwa mtumbwi mpaka Mwaya, kisha kwa miguu. Nilifika Talatala siku ya ishirini na mbili. Matanga yalikuwa yamekwisha kwa mitungi ya kuazima. Mzee Ambokile alikuwa barazani.

"Ugonile," nikamwamkia.

Aliizunguka mitungi, akafika kwenye ule uliokaa upande. "Huu nani kaufinyanga?"

"Mimi, baba."

"Na siku nane zangu?"

Njiani nilikuwa nimeandaa dhoruba nzuri ya ziwani, yenye mawimbi na mpagazi mmoja mgonjwa. Lakini nilimwona Sekela mlangoni, nikaiacha. Nikamweleza yote, moto, pu, matope, wavuvi.

Mzee aliizunguka mitungi mara ya pili. Kisha akasema, "Watatu wamemposa binti huyu kabla yako. Wote nimewatuma, na wote wamechelewa kwa sababu ya mvua. Wewe ndiye wa kwanza kuchelewa kwa sababu yako." Akaupangusa vumbi ule mtungi wangu, akauingiza ndani kwa mikono yake. Jioni ile tukazungumza ng'ombe.

Basi ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki: jua lina nyumba tatu nilizozijua, na kila nyumba ina saa yake. Kwetu ni mtemi, na mimi bado namwamkia mapema. Lakini nikifika kwa mtu nauliza kwanza lao limefika wapi. Na semeni mkisimulia kwamba waposaji walikuwa wanne, nami nikawashinda watatu.