Kituruki Changu Mbele ya Sombe

Kazini nilijisifu kuwa najua Kituruki, kwa sababu tu nafuata filamu zao kwenye televizyo. Jana patron akanipigia simu: «Mama Furaha, mugeni wangu Muturuki atafika mbele yangu. Umulazimishe akule. Hapa Bunia mugeni haondoke na njaa.»

Nikajificha na simu, nikafungua kamusi ya Kiingereza na Kituruki, nikaandika kulazimisha kwa Kiingereza. Kituruki kikatoka cha namna sita: cha polisi, cha tribinali, sijui cha nani. Nikachagua kirefu kupita vyote, zorunda bırakmak, na mgeni alipofika nikamsomea mara tatu, sahani ya sombe, majani ya muhogo, mkononi, wenzangu wakinisikiliza kwa sifa.

Akanitazama kwa upole. «Mama, miye niko naishi huku kwenu, Aru, miaka kumi. Leta sombe. Hicho Kituruki utanifundisha nikiisha kula.»