Papa hataki kuonja kahawa ya wakwe

Admin, nakuomba unisitiri, maana Butembo tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa shule ya msingi. Sijawahi kuolewa na ninaishi na baba yangu mzee. Jumamosi hii wakwe wanatoka Beni kuja kuniposa kwa mara ya pili. Mwanaume ni yuleyule, na ninavyoona Papa atawafukuza tena kwa kinywaji kilekile.

Papa alipokuwa kijana alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Vurugu za uhuru zilipoanza mzungu akakimbia, akamwachia glasi zenye miguu na ujuzi wa kutengeneza kahawa ya Kiayalandi. Papa anaiita airishi. Kahawa ni ya shamba letu, tunaikaanga na kuitwanga wenyewe. Anapasha glasi moto kwanza, anatia sukari na kahawa nzito, anakoroga mpaka sukari iyeyuke kabisa, anaongeza whisky, halafu anamimina krimu polepole juu ya mgongo wa kijiko ili ielee, nyeupe, bila kuchanganyika. Ukinywa, ubaridi wa krimu unagusa mdomo kwanza, kisha moto wa kahawa unafuata. Kwa baridi yetu ya Butembo, jioni mvua inaponyesha, sijui raha nyingine inayoifikia. Sharti la Papa ni kwamba glasi ya mgeni isiguswe na mdomo mwingine, kwa sababu ukionja tu krimu inatoboka na glasi inaonekana kama mabaki.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Kwetu mwenyeji lazima aonje kwanza kinywaji cha mgeni. Kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, inatoka katika chombo kimoja, mwenye nyumba anapiga funda mbele ya watu wote, ndipo wageni wanakunywa kwa amani. Hata mtoto anajua hilo. Papa pia anajua, tena vizuri sana.

Mara ya kwanza walikuja wakati wa uasi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Barabara ya Beni ilijaa vizuizi vya wanajeshi, na mtu akifa ghafla watu walisema amelishwa sumu. Kijana aliyetaka kunioa, nimwite Kakule kwa kuwa kila nyumba huku ina Kakule wake, alikuja na baba yake mdogo, na mbuzi wa mahari juu ya lori. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa ameandaa kasiksi. Papa akakataa, akasema wageni wakubwa hawapewi pombe ya kila siku. Akatoka jikoni na airishi, kila mtu na glasi yake. Akainua ya kwake, akanywa, akafurahi. Wageni walibaki wakitazama glasi zao, kisha baba mdogo akauliza kwa upole kabisa:

“We ulikunywa yako. Hii yetu, njo nani alionja?”

Papa angegusisha mdomo tu, mambo yangeisha. Yeye akaanza kuwafundisha habari za krimu. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyosogeza glasi mbali. Mwishowe wakasimama, wakaaga, na mbuzi wakapandishwa tena kwenye lori. Mimi nilirudi sebuleni nikanywa glasi zao zote, zimeshapoa, huku nalia. Asubuhi niliamka mzima, kichwa tu kinagonga. Lakini hakukuwa na mkwe wa kuniona.

Kakule alioa huko Beni, akapata watoto, akapanda kakao. Mke wake alifariki, na mwaka jana tulikutana kwenye mazishi ya rafiki yetu. Tulianza kupigiana simu. Nilidhani moyo wangu umeshazoea, kumbe wapi. Sasa amemshawishi baba yake mdogo, ambaye bado yuko hai na bado ana kichwa kigumu, warudi. Ombi lao ni dogo: Papa aonje. La sivyo awape soda tu, zifunguliwe mbele yao.

Papa amekataa yote mawili. Nimemwomba kahawa iandaliwe mbele yao sebuleni, akasema yeye si muuza chai wa sokoni. Nimemwambia atoe kasiksi, akanuna siku nzima bila kula. Jana nilikasirika, nikamuuliza krimu na mimi, anayependa zaidi ni nani. Akasema:

“Nikionja leo, ni kusema siku ile nilitaka kubaua. Miaka yote batu ya Beni banasema miye ni mutu wa sumu. Bakunywe kwanza, bajue hapana.”

Kwake, kuonja ni kukiri kwamba alitaka kuwaua. Nina hasira naye, na bado naona ana haki. Baba mdogo naye ana haki, kwa sababu ni desturi, na siku hizi vita vimerudi na hofu yake. Kuonja mwenyewe siwezi. Binti anayeposwa akiweka mdomo kwenye glasi ya baba mkwe, hiyo ni aibu ambayo hakuna mbuzi wa kuifuta.

Leo Papa amenituma kwa wafugaji nikatafute krimu. Nimeenda, nimeleta. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo siku hizi airishi naitengeneza mimi. Jumamosi glasi ya baba mdogo nitaimimina kwa mkono wangu, krimu itatulia vizuri kabisa, nitaipeleka mezani, halafu nitarudi jikoni kusikiliza.

Ninyi wenye wazazi wagumu, niambieni la kufanya, siku zimebaki chache. Glasi za wakwe nimeshazinywa peke yangu mara moja, na sitaki kuzinywa tena.