Sikio la Upande wa Mama

Wenzangu mliokulia Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mtanisahihisha nikikosea, maana umri nao umeanza kutudanganya. Enzi zetu Nakivale haikuwa na maduka haya ya leo. Kwenda sokoni Misiera ilikuwa safari ya kuogeshwa kwanza na kupakwa mafuta mpaka magotini, na aliyerudi kutoka huko na biskuti aliheshimiwa wiki nzima. Nguo tulinunuliwa kubwa, tukakua mpaka ikatutosha, ikatubana, ndipo akapewa aliye mdogo. Tuliruka kamba tulizosokota kwa magome ya migomba. Wavulana walitengeneza magari kwa mikebe ya mafuta ya msaada. Na yale mahindi ya msaada, jamani, yalikuwa magumu kiasi kwamba Koko, bibi yangu, alisema yalivunwa kabla ya gharika na Nuhu mwenyewe akayakataa. Tuliyala na maharage, siku njema tukapata sombe, yale majani ya muhogo, na dagaa, tukashiba, tukacheza. Mtoto wa leo simu ikikosa bando nusu saa anasema maisha ni magumu.

Nyumbani tulikuwa watatu: Koko, Mama, na mimi. Tulitoka milimani, Kivu ya Kusini, kwenye kijiji kidogo cha Walutheri, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa kwenye miteremko na kutembezwa kwenye tambarare. Mume wa Koko, babu yangu, alikuwa mwinjilisti wa kijiji hicho, na alikuwa amekwisha kuzikwa huko kabla vita havijafika. Kitabu cha nyimbo kilipotea njiani. Kilichovuka mpaka kikiwa kizima ni wimbo mmoja wa asubuhi, alioutunga babu mwenyewe, na ambao haukuwahi kuandikwa kwenye kitabu chochote. Ulikuwa wa sauti nne. Ya nne, ile nzito ya wanaume, tulimwachia mwenyewe kaburini. Koko alishika ya tatu. Mama alishika ya kwanza, ambayo ndiyo yenye wimbo wenyewe. Mimi nikapewa ya pili.

Asiyejua mambo ya kwaya nimweleze kidogo. Sauti ya pili haina kwake. Inatembea chini ya ile ya kwanza, inapanda kidogo, inashuka kidogo, mara nyingine inakaa palepale maneno matano mazima. Ukiiimba peke yake, anayekusikia atadhani unasoma orodha ya majina. Na mtoto akipewa sauti hiyo akiwa amesimama kati ya watu wazima wawili, lazima avutwe. Mimi nilivutwa kila siku. Nilianza vizuri, lakini kufika mstari wa pili nilikuwa nimekwisha kuhamia kwa Mama.

Koko hakuwa mtu wa kuvumilia uzembe katika mambo ya Mungu. Hakujua kusoma, lakini katekisimu yote alikuwa nayo kichwani, pamoja na lile swali linalofuata kila amri: maana yake ni nini? Alituuliza swali hilo kwa kila jambo. Ukivunja kikombe, anakitazama pale chini, anakutazama wewe, anauliza polepole, "Kikombe imevunjika. Maana yake ni nini?" Ukikosa jibu, unafagia uwanja wote. Basi huyo Koko, alipochoka kunisikia nikihama sauti, alinishika mkono wa kulia, akanyoosha kidole changu cha shahada, akakisukuma sikioni mwangu.

"Ziba sikio ya upande wa mama yako," aliniambia. "Ukimusikia, atakubeba. Sikiliza sauti yako tu."

Dawa ilifanya kazi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya jembe na kabla ya shule, tulisimama mbele ya nyumba yetu ya matope, Koko kushoto, Mama kulia, mimi katikati na kidole sikioni, nikiimba sauti ya pili kwa nguvu zangu zote. Sikuhama tena.

Nyimbo zetu Walutheri mnazijua zilivyo. Haziruki, zinatembea. Wiki ya kwanza tu baada ya kupewa kiwanja Juru, tulimaliza kuimba tukakuta watu wamejaa uani. Jirani yetu Mama Riziki ametangulia na mzigo wa kuni kichwani, nyuma yake wanawake wengine na maharage kwenye kapu, wanaume wamevua kofia.

"Poleni sana," akasema Mama Riziki. "Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa," akajibu Koko. "Tunasali."

Mama Riziki alikuwa wa kanisa la Pentekoste, kwao kusali ni ngoma, vigelegele na jasho. Alitutazama mmoja mmoja, akahakikisha kweli wote ni wazima. "Kumbe njo kusali? Siye tulisikia kilio."

Mama akageuka, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo tangu tuvuke mpaka. Koko hakucheka, lakini kuni na maharage hakurudisha. Alivipika, tukala na waombolezaji wetu mpaka jua likawa kali, na tokea hapo Mama Riziki akawa ndugu. Hata hivyo hakuacha kutuambia kwamba tunamwimbia Mungu kana kwamba amefiwa.

Nimesema Mama alicheka. Nilitaja kwa sababu Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa siku nzima alisema labda maneno ishirini, na kumi kati ya hayo yalikuwa kuuliza kama nimekula. Alikwenda kulima mashamba ya wenyeji, ile kazi ya kibarua tuliyoiita lejaleja, akarudi na mkungu mdogo wa ndizi au na jembe tu. Gauni langu la shule lilikuwa moja. Alilifua kila jioni na kulikausha juu ya moto, ndiyo maana darasani nilinuka moshi na mwalimu akaniita Jikoni. Nililia kwa jina hilo. Kesho yake Mama alitembea mpaka Misiera, akarudi na kipande cha sabuni ya harufu, akakifunga katika kitambaa pamoja na gauni. Nikanuka moshi na maua. Upendo wake ulikuwa hivyo, wa mikono. Sauti yake yenyewe aliitoa asubuhi tu, katika wimbo ule.

Koko alifariki nilipokuwa najifunza ushonaji, kazi ambayo Mama ndiye aliyenitafutia mwalimu. Alilala kitandani kwake mchana baada ya kula, hakuamka. Asubuhi iliyofuata maziko, Mama na mimi tulisimama mahali petu palepale tukaimba sauti mbili, na upande wa kushoto ulikuwa mtupu kabisa. Kila mwisho wa mstari, pale Koko alipozoea kuvuta neno kidogo, Mama alisita, akangoja, kisha akaendelea. Nilikuwa mwanamke mzima wakati huo, najifunza kushona magauni ya harusi, na bado nilikuwa na kidole sikioni. Mazoea yana nguvu.

Baadaye nikaja mjini Mbarara, nikapanga chumba mtaa wa Kakoba, nikaweka cherehani barazani. Nikaolewa, nikapata binti, Neema, ndoa ikaisha, Neema akabaki nami. Mama hakutaka kuhama Juru. Alisema maharage yake hayajui Mbarara. Niliahidi kwenda kila mwezi. Mwanzoni nilikwenda, kisha ikawa sikukuu tu, kisha ikawa simu. Sitajitetea. Ni mwendo wa saa chache, si mwisho wa dunia.

Asubuhi moja Mama akanipigia, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, tuimbe," akasema. "Anza yako, miye nianze yangu."

Nilikuwa na mteja, mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya hapa mjini, amesimama mbele yangu na taulo kiunoni akisubiri suruali yake ya kazi niipunguze. Nikaanza kuimba kwa kunong'ona, simu nimeibana begani. Lakini mtandao una kawaida ya kuchelewesha sauti. Nilipofika katikati ya mstari, Mama ndiyo kwanza anaanza. Nikingoja, na yeye anangoja. Maneno yake yakawa yanaingia vipande vipande, hayashikani. Tulijaribu mara tatu.

"Nyabo fundi," mwanajeshi akasema, ndivyo huku wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "suruali yangu iko tayari ama bado? Mimi nachelewa paredi."

"Mama, nina mtu hapa," nikasema.

"Haya. Kazi kwanza. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula. Wiki tatu baadaye aliugua siku nne, na mimi nilifika siku ya tano.

Pale kaburini watu wa kanisa la Mama Riziki waliimba vizuri, kwa ngoma yao, na nawashukuru mpaka leo. Kisha Mama Riziki, uzee umemkunja, akanishika kiwiko. "Sasa utuanzishie ile yenu ya asubuhi. Mama yako aliipenda mingi."

Nikasimama, nikafungua kinywa, nikaimba. Watu wakainamisha vichwa, wakisubiri wimbo uanze ili waupokee. Nikamaliza ubeti wa kwanza, bado wanasubiri. Nikaimba wa pili. Hapo ndipo mimi mwenyewe niliposikia ninachoimba. Niliacha katikati, nikajaribu kutafuta sauti ya kwanza, ile ya Mama, wimbo wenyewe. Neno lolote nililoanzia, mdomo ulirudi kwenye ya pili. Maneno yote ninayo. Nakumbuka shingo ya Mama alipopanda juu, nakumbuka alivyofumba macho kwenye ubeti wa mwisho. Namwona vizuri. Simsikii. Miaka yote ile nilisimama karibu naye kiasi cha bega kugusana, na nilikuwa nimemzibia sikio.

Tangu hapo nimeutafuta wimbo ule kama mtu aliyeangusha pete. Neema akaniambia tutazame kwenye mtandao, kwa kuwa kizazi chake kinaamini kila kitu kiko humo, hata babu zetu. Nikawaandikia watu wa kijiji chetu waliotawanyika, wengine wako Amerika, wengine Tanzania. Mmoja akanirekodia wimbo kwa furaha kubwa, nikausikiliza mpaka mwisho, ukawa wimbo wa Krismasi. Wazee waliofunzwa kuimba na babu wamekwisha.

Akabaki Mama Riziki. Majirani walitusikia kila asubuhi kwa miaka, tena wao hawakuziba masikio. Mvua zilizopita nikapanda gari mpaka Juru, nikamkuta anapukuchua maharage mlangoni. Nikamweleza shida yangu.

"Eh, ile wimbo?" akasema, uso ukafunguka. "Naijua sana. Muliniamusha nayo miaka mingi, nitaisahau namna gani?"

Akaweka ungo chini, akafuta midomo kwa kitenge, akaimba. Aliimba taratibu, bila kukosea hata mahali pamoja, ubeti mzima. Ilikuwa sauti ya pili.

Nikamwuliza kama hakumbuki nyingine, ile ya Mama.

Akafikiri sana. "Weye njo ulipiga kelele kushinda bote," akasema kwa upole. "Koko tulimusikia kidogo. Mama yako, kusema kweli, hapana. Sauti yake ilikuwa ndogo, na weye ulikuwa fasi ya katikati."

Nilikaa naye nikapukuchua maharage mpaka ungo ukajaa, kwa sababu sikuwa na la kufanya lingine na sikutaka aone uso wangu. Aliponiaga alinipa nusu ya maharage yale. Nilipita pale ilipokuwa nyumba yetu. Wamejenga wengine, na redio yao ilikuwa inapiga muziki kwa nguvu. Sikusimama.

Siku hizi kanisani kwetu mjini maneno ya nyimbo yanaonyeshwa ukutani, na vijana wanaimba wote sauti moja, kinanda kinawafanyia zilizobaki. Ukiwaambia habari za sauti ya pili wanakutazama kama unayezungumzia sarafu za zamani. Siwalaumu. Hawajawahi kuhitajiana katika wimbo. Enzi zetu mmoja akiugua mafua, wimbo wote ulikuwa mgonjwa.

Mwaka huu Neema, ambaye ana miaka tisa na Kiswahili chake kimejaa Kinyankole, aliniomba nimfundishe ule wimbo wa Koko. Nilichelewa sana kukubali. Kisha nikamfundisha nilichonacho. Ana sikio zuri kuliko mimi, alishika kwa siku mbili. Sasa anauimba akiosha vyombo, anauimba akienda dukani, na watoto wa jirani hapa Kakoba wameudaka kwake na wanaurukia kamba. Jumapili asubuhi, kabla bodaboda hazijaanza kelele, yeye na mimi tunasimama mlangoni tunaimba, sauti ya pili wote wawili. Neema anadhani huo ndio wimbo. Nimeshindwa kumwambia kwamba bado haujaanza.