Galoni ya Bahari Hadi Koboko

Niliondoka Koboko kwenda Mombasa kwa sababu moja tu: baba yangu alikuwa anaitwa mwongo, na alikuwa amechoka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Chumvi ya dukani ilikuwa imepotea West Nile nzima, kwetu kaskazini mwa Uganda, kila nyumba inachuja majivu. Unachoma magugu ya mtoni, unaweka majivu kwenye chungu chenye matundu, unamwagia maji, na yanayodondoka chini ndiyo chumvi yako ya kupikia. Sasa baba, Mzee Lemi, askari wa zamani aliyevushwa bahari kwenda vita vya Burma, tangu aliporudi alisema kwamba huko kuna maji ya chumvi yasiyo na mwisho, na hakuna mtu aliyeyachuja. Loo! Watu walicheka wakashika mbavu. Dada yake, Shangazi Kiden wa Arua, ndiye aliyeanzisha mzaha: "Mama gani huyo alichoma majani mingi hivyo?" Basi mzaha ukashika. Miaka thelathini, baba akianza tu kusimulia safari yake, mtu anauliza habari za yule mama, naye anafunga mdomo.

Mwaka ule kifua kikamlaza. Akaniita kitandani. "Wani, mimi haogopi kufa. Naogopa kufa muongo. Lete hiyo maji, watu waonje."

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa safari, na kusema kweli utotoni hata mimi nilicheka pamoja na wengine. Jambo hilo liliniuma. Nikafunika cherehani, nikachukua galoni tupu, nikaenda.

Arua nilipita kimya kimya, bila hata kubisha kwa shangazi. Ulimi wake naujua, ungenirudisha nyumbani. Lori la tumbaku likanishusha Pakwach, nikapanda treni.

Siku za treni siwezi kuzihesabu vizuri. Nilisinzia kwenye mafunjo, nikaamka kwenye migomba. Nilisinzia kwenye baridi ya milimani, nikaamka kwenye vumbi jekundu na tembo wamesimama mbali, hawana haraka. Akina mama walinyoosha mikono dirishani na ndizi za kuchemsha, kisha stesheni ikaondoka nao. Asubuhi moja hewa ikawa nzito na yenye unyevu, na abiria mwenzangu akasema, "Umefika."

Mombasa nilipokewa na Juma, mtoto wa rafiki wa baba wa jeshini. Kazi yake ilikuwa kupima bahari. Nilidhani ananitania. Akanipeleka bandarini akanionyesha nguzo iliyochorwa mistari, na daftari la kuandikia maji yamefika mstari gani, saa ngapi.

"Bwana, tangu lini maji yanapimwa kama suruali?" nikamuuliza.

"Haya hayatulii, ndugu yangu. Mwezi unayavuta. Kutwa kucha yanajaa mara mbili, yanakupwa mara mbili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua nalo huvuta pamoja nao, ndipo tunapata bamvua: yanajaa hasa, yanakupwa hasa."

Nilitazama. Maji yalikuwa yanaondoka polepole, bila kelele, yakiacha mchanga unang'aa. Nilivua viatu nikayafuata. Nikachota kwa kiganja, nikaonja. Ewe baba yangu! Nilisimama pale machozi yananitoka, na Juma, mtu mwungwana, akajifanya anaandika daftarini.

"Lakini chumvi yote hii nani kaitia?"

"Mvua inalamba mawe bara, mito inaleta kidogo kidogo. Jua linanyanyua maji matupu, chumvi inabaki. Miaka haina hesabu."

"Kumbe ni kama majivu yetu!"

"Majivu?" Nikamweleza tunavyochuja. Akacheka, akasema wakubwa waliomfundisha kazi wangemaliza darasa mapema kama wangejua hilo.

Siku mbili nilizokaa naye nilitembea kama niko ndotoni. Alinionyesha uzi mrefu wenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, wa kutafutia kina. Mbali zaidi, alisema, uzi haufai, meli hutuma mlio chini na kungoja urudi. Kuna mabonde huko ambamo mlima mzima ungezama. Kuna mikondo inayokwenda kama mito ndani ya maji, na mabaharia wanaijua kama sisi tunavyojua njia ya sokoni. Niliona meli zikishusha ngano na marobota ya nguo. Niliona nyumba za mawe ya matumbawe, na chumvi ya mashamba ya pwani imerundikwa magunia kwa magunia, nikameza mate, maana pesa zangu zilikuwa za nauli tu. Niliona pia mafuta meusi yakielea kando ya gati, na Juma akatema chini kwa hasira. Kilichonishangaza zaidi ni kombe la baharini aliloniwekea mkononi. Ndani yake ulikuwa ule mng'ao wa vifungo vya shati. Miaka kumi na tano nashona vifungo vile, sikujua kwamba nashona bahari.

Nikajaza galoni, nikaishika magotini njia nzima ya kurudi.

Arua nilifika saa sita mchana, hakuna gari la Koboko mpaka kesho. Ikabidi niende kwa shangazi. Nikaweka galoni mlangoni kwa jiko, sikusema kitu, maana nilitaka ajue akiwa mbele ya baba. Nikajilaza kidogo. Mwili bado ulikuwa unayumba na treni.

Niliamshwa na harufu ya maharagwe. Uani walikuwa wamekaa akina mama wa kanisa, wanakula na kusifu. Shangazi akaniita kwa furaha.

"Wani, hii majivu yako ni ya majani gani? Iko tamu sana! Nilitia kwa sufuria mbili, ingine nikapimia majirani. Chumvi hainyimwi mutu."

Mnajua desturi ya miaka ile. Mgeni hakuja mikono mitupu, alileta chupa ya maji ya majivu. Mimi mwenyewe nimewahi kumletea. Galoni ilikuwa imelala ubavu, tupu. Nilipiga kelele, mtu mzima, mbele ya wageni.

"Shangazi, ile ni bahari!"

"Bahari gani?"

"Ya baba."

Alitazama kijiko mkononi mwake. Akakaa chini taratibu.

Asubuhi alifunga maharagwe yaliyobaki kwa kitambaa, akapanda gari kabla yangu. Njia nzima aliyapakata magotini. Mimi nilikuwa na hasira na hofu: safari yote ile, na mkononi sina hata tone.

Koboko, majirani walijaa chumbani kuona nilicholeta. Baba akaonja maharagwe. Akafumba macho, akatafuna muda mrefu.

"Iko yenyewe," akasema.

Jirani mmoja akaanza kutabasamu, akamgeukia shangazi kungoja mzaha wake. Shangazi akasimama.

"Mimi nilipika nayo. Mimi nilionja, na nilisifu. Lemi hakudanganya. Muongo ni mimi, miaka yote hii."

Mimi nilidhani safari yangu imeishia hapo, kwamba baba alitaka ushahidi na ameupata. Lakini uso wake haukubadilika. Shangazi akavuta kigoda mpaka ukingoni mwa kitanda, akakaa.

"Ndugu yangu, huko katikati ya maji, ulikuwa unalala namna gani?"

Baba akafumbua macho, akamtazama sana. Ndipo nilipojifunza alichokosa miaka thelathini. Alitaka mtu wa kumuuliza. Akajiinua kwa kiwiko, nikamwekea mto mgongoni.

"Usiku ya kwanza," akasema, "hakuna mutu alilala."

"Endelea," akasema shangazi.