Feni Iliyotoa Ushahidi Ofisini kwa Rula

Siku feni ilipojizima yenyewe, mikono yangu yote miwili ilikuwa kichwani.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee ninaloweza kujitetea nalo. Mengine yote niliyafanya mimi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, shule ya bweni, na nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya kompyuta. Cheo hicho kilikuwa na faida mbili. Ufunguo wa maabara, na kiti kilichotazamana na dirisha la ofisi ya makamu mkuu wa shule.

Makamu tulimwita Rula. Alitembea kama aliyeimeza, na alipima kila kitu: urefu wa nywele, upana wa suruali, muda ambao mtu alikaa chooni.

Muhula ule Mwalimu wa Kompyuta alileta ekstensheni ya ajabu. Ilikuwa na matundu manne kama ekstensheni yoyote ya umeme, ila hii ilishika mtandao wa shule. Kwenye kioo cha kompyuta kilikaa kidirisha kidogo, ukubwa wa kadi ya maktaba, chenye vitufe vinne vya mviringo. Kijani, umeme upo. Chekundu, umeme hakuna. Unabonyeza ukiwa umekaa zako, na kitu kinazimika huko kiliko.

Aliifunga ofisini kwa Rula, kwa sababu Rula alikuwa na tabia ya kwenda darasani akiliacha birika linachemka peke yake. Kila kitufe akakipa jina: Birika, Taa, Redio, Feni. Kisha akanikabidhi mimi kazi ya kuhakikisha kila jioni hakuna kilichobaki kimewaka.

Mimi. Yaani fisi kapewa ulinzi wa bucha, na cheo juu.

Wiki ya kwanza nilikuwa na adabu zangu. Nilizima redio tu, tena pale mtangazaji anapokaribia kutaja matokeo ya mpira. Rula aliipiga ile redio makofi hadi ikaota ufa.

Halafu ikaja Ijumaa.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana Rula alisikiliza kesi. Watuhumiwa walipangwa barazani, wakaingia mmoja mmoja. Kwa joto la saa nane madirisha yote yalikuwa wazi, na uwanja uliotutenganisha haukuzidi hatua ishirini. Kila neno lilinifikia.

Aliyefungua dimba alikuwa kiranja wa chakula, aliyedaiwa kuficha nyama. Alisema hajaiona hiyo nyama. Mimi nilimwona akiitafuna nyuma ya stoo, macho kayafumba kwa utamu.

Nikabonyeza Feni.

Ile feni ya kusimama, nyuma ya kiti cha Rula, ikapunguza mwendo, ikalia kwiii, ikasimama.

"Rudia," Rula akasema.

Kiranja akarudia. Nikaiwasha ili apate matumaini kidogo, nikaizima tena. Jamaa alikiri nyama, akakiri na sukari ambayo hakuna aliyemuuliza.

Nilicheka dirishani pale hadi nikateleza chini ya meza.

Kabla ya kengele ya chai habari ilikuwa imefika mabweni yote. Feni ya Rula inajua uongo. Watu waliponiuliza mimi, mtaalamu, nilitikisa kichwa kwa huzuni nikasema dunia ina mambo.

Kufikia Ijumaa ya tatu Rula hakuita tena mashahidi. Aliuliza swali, kisha akageuka kuitazama feni. Waliokuwa wakikana makosa kwa saa nzima sasa walikiri wakiwa bado barazani. Kidato cha kwanza walipita mbele ya ofisi ile wamebana midomo, neno lisije likawaponyoka likaenda kupimwa.

Na mimi nilinogewa. Si kila niliyemzimia feni alikuwa mwongo. Mmoja alikuwa amekataa tu kuniazima ndoo, akachimba shimo la taka wiki nzima.

Mwenzangu wa kitanda cha chini, tuliyemwita Kinanda kwa namna alivyokoroma, aliniuliza siku moja hivi feni inajuaje. Alikuwa mtu wa kuamini, Kinanda. Hata ukimwambia leo kuna nyama atakwenda na sahani kubwa.

Nikamwambia chuma kina siri zake, asikichezee.

Wiki ya sita, asubuhi moja, ikakutwa bahasha ya mtihani wa majaribio imebanduliwa gundi. Ilikuwa ndani ya kabati la Rula, na ufunguo wa kabati ni mmoja tu, unaning'inia kiunoni kwa Rula. Mkuu wa shule, mama mpole asiyependa kelele, alimtaka Rula atoe maelezo kufikia Jumatatu.

Aliyefagia ofisi ile asubuhi hiyo alikuwa Kinanda.

Adhabu ilijulikana bila kusomwa. Kufukuzwa, miezi miwili kabla ya mtihani wa mwisho. Miaka minne ya shule, imekwisha hivyo.

Ijumaa hiyo niliketi mbele ya kompyuta nikiwa na nia njema kwa mara ya kwanza. Feni itazunguka, Kinanda atasafishwa, mchezo umekwisha. Nikaweka mikono kichwani ili hata kidole kisikosee.

Rula akamuuliza kama alifungua bahasha.

"Hapana, mwalimu. Nilifagia nikatoka."

Kwenye kioo changu, kitufe cha Feni kikageuka chekundu.

Ng'ambo ya uwanja, kwiii.

Nilikitazama kile kitufe kama mtu aliyeitwa jina na ukuta. Nikakibonyeza, kikawa kijani. Kikarudi chekundu. Nikabonyeza tena. Kikarudi tena, polepole, kama kuna mtu ananishika kidole na kukiondoa.

Wiki zote hizo niliwaaminisha watu kwamba mle ofisini kuna kitu. Sasa kitu kimekuja kudai kazi yake.

Jumamosi Kinanda hakula. Alipanga nguo zake sandukuni, akazitoa, akazipanga upya. Akaniuliza kama feni iliwahi kukosea hata mara moja.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikakumbuka kwamba nikisema, sanduku la kupangwa litakuwa langu.

Nikamwambia ajaribu kulala.

Jumatatu asubuhi baba yake alifika. Alikuwa fundi umeme, na alikuja na ovaroli lake, bisibisi mfukoni kifuani, maana alitolewa juu ya ngazi. Aliwaamkia walimu, akakaa ukingoni mwa benchi ofisini kwa Rula, mikono katikati ya magoti. Mkuu wa shule alikuwa na barua ya kumfukuza Kinanda mbele yake, kalamu juu ya barua. Rula alikuwa nyuma ya kompyuta yake ya mapajani, feni mgongoni. Barazani shule nzima ilikuwa imejibanza.

Nilivuka uwanja ule. Nikaingia bila kubisha.

"Shikamooni. Mwalimu, naomba kusema. Hii feni nilikuwa naizima mimi, kwa kompyuta ya maabara."

Kwiii.

Ikasimama.

Barazani mtu akasema, "Anadanganya huyo." Mwingine akacheka.

Nikamwambia mkuu wa shule aje maabara nimwonyeshe. Feni ilikuwa imewaka tena. Nilipofika neno maabara ikasimama tena. Kila nilichosema kwa kweli kilikufa nyuma ya mgongo wa Rula, na kila kilipokufa baraza liliguna.

Ndipo nikaitazama miwani ya Rula. Ndani ya vioo vyake kulikuwa na nukta nne, ndogo kama mbegu za pilipili. Tatu za kijani, moja nyekundu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya kipanya.

"Mwanangu," aliniambia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "kumtetea rafiki ni jambo jema. Ila usimtetee kwa uongo."

Nilijua kwamba anajua. Na nilijua hakuna atakayeniamini, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha nani wa kumwamini.

Mkuu wa shule akashika kalamu.

Baba yake Kinanda hakuwa akitutazama. Fundi hafuati maneno, anafuata waya. Macho yake yalitoka kwenye feni, yakashuka na waya wake, yakapita chini ya meza hadi nyuma ya kabati. Akapiga magoti, akaivuta ile ekstensheni, akaigeuza tumbo juu.

"Mama, hii inazimwa kwa mtandao," akamwambia mkuu wa shule. "Niruhusu dakika moja."

Akaichomoa feni, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Ikashika, ikaanza kuzunguka. Akautazama mkono wa Rula juu ya kipanya.

"Haya, mwalimu. Izime sasa."

Rula alivua miwani. Akaifuta kwa tai, akakifunga kifuniko cha kompyuta taratibu sana.

Fundi akamgeukia mwanawe. "Sema tena, mwanangu. Ulifungua?"

Nilidhani hapo ndipo mwisho, tupige makofi twende zetu. Lakini Kinanda hakumtazama baba yake wala mimi. Aliitazama feni, midomo ikitikisika bila sauti.

"Mwanangu."

Akafumba macho.

"Sikufungua."

Feni ikazunguka. Karatasi mezani zikapepea, barua ikateleza hadi sakafuni.

"Imesimama?" akauliza, macho bado kayafumba.

"Fungua macho uone mwenyewe," baba yake akamwambia.

Ilimchukua muda.

Mkuu wa shule aliiokota barua, akaichana mara nne. Kisha akamwomba Rula ule ufunguo wa kabati, akamwambia wazungumze wakiwa wawili. Baada ya likizo ya katikati ya muhula Rula hakurudi. Hatukuambiwa kwa nini, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule hakuna aliyethubutu kukisia kwa sauti.

Mimi nilipewa wiki mbili nyumbani na kunyang'anywa maabara. Nilipokuwa nikirudisha ufunguo, Mwalimu wa Kompyuta aliniambia kwamba kidirisha cha Rula alikiweka yeye, Rula mwenyewe alimwomba, Ijumaa ile ile ya kwanza. Rula aliniona nikicheka dirishani. Alinijua siku hiyo hiyo, akaniacha niendelee, kwa sababu foleni ya kesi ilikuwa inaisha kabla ya saa tisa.

Niliporudi kutoka adhabu nilimkuta Kinanda nyuma ya bweni akifua. Nikamwambia yote, tangu nyama ya kiranja. Nikamwomba radhi, na kwa mara moja maishani sikutia utani.

Alisuuza shati lake hadi mwisho, akalikamua. Akasema amenisamehe, nisiwe na wasiwasi. Kisha akasema jambo ambalo ningependa asingelisema.

"Ile Jumatatu, baba asingekuja, ningekiri. Si kwa kuogopa. Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka jinsi nilivyoifungua ile bahasha. Gundi ilivyokuwa inatoa sauti. Hata sasa nikifumba macho naisikia."

Akaanika shati, akaingia ndani.

Wenye kupenda funzo, hili hapa. Ukiwachezea watu hadi wakaamini, usidhani mchezo utabaki wako. Atatokea mwenye kiti kikubwa zaidi auchukue. Na siku utakapotaka kusema kweli, sema ungali na mtu wa kukuamini. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na Kinanda bado anaisikia ile gundi.