Sponji Ndani ya Fulana

Palikuwa na fundi cherehani, mtu mnene hasa, na mtaa mzima ulimwita Bonge. Hakuchukia hata kidogo. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake, maana katika mtaa ule mnene ndiye mtu, ndiye anayekula akashiba, ndiye ambaye mkewe anamtunza. Ukikonda tu, umekwisha. Hawakuulizi umekula nini, wanaulizana umelala na nani.

Maisha yake yalikuwa kiti. Asubuhi anakaa kwenye cherehani, jioni anainuka kwenye cherehani, na kutwa nzima ni nyayo zake tu zinazofanya kazi, pekupeku juu ya pedali. Chai aliitia sukari mpaka kijiko kinakaribia kusimama, akaisindikiza na nusu ya mkate mweupe. Mchana aliletewa chipsi za ng'ambo ya barabara, zilizokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, na soda baridi ya kuteremshia. Maji, alikuwa akisema, ni ya kuogea. Na nani angemkosoa? Majirani wote walikula vivyo hivyo. Matunda yako sokoni mbali na ni ghali, chipsi ziko hapo mlangoni.

Kisha suruali zikaanza kumpwaya.

Mwanzo alidhani kitambaa kimelegea. Akazibana kiunoni. Baada ya muda akazibana tena, na safari hii akapima mara mbili, maana mkanda wa kupimia haujui kumpendelea mtu. Na kiu, jamani! Alikunywa soda asubuhi, akanywa mchana, na bado ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa cha turubai. Choo cha uani, walichochangia wapangaji wote, alikiendea mpaka watu wakamtania kwamba amekihamia. Sisimizi wakajaa pale alipokojoa. Akawamwagia maji, akawagombeza watoto kwamba wanamwaga juisi ovyo.

Sasa nikueleze kwa nini aliogopa kiasi kile. Katika mtaa, fundi cherehani ndiye wa kwanza kujua nani kapungua, kwa sababu nguo zinapitia mkononi mwake, na huyu bwana mdomo wake haukuwa na kifuniko. Palikuwa na mwashi mmoja, jirani, aliyeleta suruali kupunguzwa mara mbili mfululizo. Bonge akawanong'oneza wateja wawili watatu, kwa kucheka tu, bila ubaya. Haikupita muda watu wakaacha kunywea kikombe cha mwashi. Mkewe akarudi kwao. Mwashi alihama na godoro lake kichwani, na mpaka leo hakuna ajuaye alikuwa akiumwa nini. Kwa hiyo Bonge aliujua ulimi wa mtaa unavyofanya kazi. Ulikuwa wake.

Akafanya kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya. Alichukua sponji za mabega ya makoti, akazishona ndani ya fulana, kwa mkono, kwa ustadi, tumboni na mbavuni, akavaa shati juu. Ukimtazama, Bonge yuleyule. Akaketi dirishani mchana kutwa na sponji zake, akitoka jasho kama mpishi, na jasho likamzidishia kiu, na kiu akaizima kwa soda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, naye nguo hiyo alijishonea mwenyewe.

Mkewe alijua. Utamfichaje mtu unayelala naye kitanda kimoja? Alimgusa mgongoni, akahesabu mifupa kwa vidole. Naye alikuwa na hofu yake: kama mumewe anao ule ugonjwa wa kukondesha, ule wa kuambukizana kitandani, yeye je? Akaogopa kuuliza, maana swali lina jibu. Badala yake akamlisha. Uji wa maziwa akauongezea sukari, akamnunulia juisi za boksi, akamkaangia viazi usiku. Kila alipomwona amepungua, alizidisha kijiko. Alimpenda, masikini, na alimpenda kwa njia aliyofundishwa.

Ndipo ikaja ile harufu.

Bonge alisema ni panya kafia mahali. Alihamisha mafurushi yote ya vitambaa, akafagia chini ya meza, akachungulia nyuma ya kabati. Panya hakuonekana, na harufu ikabaki. Wateja wakaanza kusimama mlangoni badala ya kuingia. Mkewe alipokuja na chakula aliona doa la maji maji juu ya pedali, akainama, akaushika mguu wa mumewe wa kulia, akaugeuza kama anavyogeuza mguu wa mtoto.

Katikati ya unyayo palikuwa na nusu ya sindano ya cherehani.

Ilivunjika wakati akishona sare za shule. Aliikumbuka vizuri, aliitafuta sakafuni, alipoikosa akaweka nyingine akaendelea na kazi. Alikuwa ameikanyaga, akatembea nayo, akaisukumia pedali siku nenda siku rudi. Unyayo ulikuwa umevimba, katikati umekuwa mweusi. Mkewe akabonyeza kando yake.

"Unauma?"

Bonge akasema hapana. Mkewe akabonyeza kwa kucha. Bonge akasema hapana tena, na hapo akauinamia mguu wake, maana alimwona anabonyeza na yeye hasikii kitu, kana kwamba ule mguu ni wa mtu mwingine aliyekaa kiti kimoja naye. Hofu aliyokuwa nayo miezi yote haikuwa kitu mbele ya hii.

Hata hivyo, amini usiamini, aliomba waende kwa njia ya nyuma ya nyumba. Mkewe alifunga duka, akamshika mkono, wakapita katikati ya mtaa mchana kweupe, yeye akichechemea bila maumivu.

Hospitalini daktari, binti mpole, alimwambia avue shati. Akavua. Daktari akaona fulana ya sponji, akaitazama. Bonge akaivua mwenyewe na kuiweka magotini, na alivyobaki kifua wazi mkewe alianza kulia kimyakimya. Walimtoa damu, wakampima yote, ule ugonjwa nao wakaupima. Alikaa kwenye benchi roho mkononi. Daktari aliporudi alimwambia kwamba ule hana. Ana kisukari, nacho kimepanda mno, na pengine anacho kwa miaka mingi.

Loh! Bonge akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampiga mkewe begani, akasema kumbe sukari tu, mama, sukari tu! Mkewe naye akacheka huku kamasi zinamtoka. Daktari hakucheka. Aliinama kwenye mguu, akachukua kalamu, akachora mstari kuzunguka pale wekundu ulipokomea, juu kidogo ya kifundo. Akaeleza polepole. Sindano imetolewa, dawa itapita mshipani usiku kucha. Wekundu ukibaki ndani ya mstari, watakata nyama iliyooza na mguu utapona. Ukivuka, waitwe mara moja, maana hapo itabidi kuchagua kati ya mguu na mtu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, Bonge alilijua hilo tangu utotoni, na alilitumia sana kwa wengine. Usiku ule wodini aliufunika mguu kwa shuka asiuone. Majirani walikuwa wamekwisha kupata habari, wakaja na walichokijua, soda na biskuti na pole nyingi. Mkewe alivipokea mlangoni, akaviweka chini ya kitanda, akashindwa kuwaambia kwamba ni sukari hiyo hiyo inayomuumiza.

Kulipokucha alimwomba mkewe atazame, kwa sababu yeye hakuthubutu. Mkewe akafunua shuka, akatazama, akaanza kuukunja upya ukingo wa shuka, na Bonge akafahamu kwamba mkewe anatafuta la kusema, kama walivyokuwa wakitafuta wote wawili mwaka mzima.

"Niambie, mama watoto," akasema. "Tusifichane tena."

"Umevuka, baba. Umevuka mpaka hapa."

Alimwonyesha kwa kiganja. Bonge akafumba macho.

"Mwite daktari," akasema. "Mwite kwa nguvu."

Mkewe akatoka koridoni akipiga kelele, na hakujali nani anasikia.